Kifungo Kwenye Herufi A

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye jokofu, kipashe moto, usikile cha baridi kwa uvivu wako. Wingu likitanda, anua nguo. ~~Fundi atapita saa nane, mpe laptopu ya zamani akatoe spea.~~ Fundi akipita, mwambie nimeghairi.

Usinune. Tableti uliyoninunulia haina kasoro. Jana niliandika ripoti nzima ya ofisi na kuituma kabla chai haijapoa, na sasa hivi naondoka nayo kwenda kazini. Kwa upande wa kazi, umeshinda.

Ila leo asubuhi nilikuwa naifuta laptopu vumbi ili isitutie aibu kwa fundi, kidole kikagusa kile kifungo. Wewe hukumbuki, ulikuwa na miaka mitatu. Uling'oa herufi A ukaitupa chooni, na mimi nina barua arobaini za kuchapa. Nilikaribia kulia. Marehemu baba yako alikata kifungo cha shati alilokuwa amevaa, akakibandika pale pale kwa gundi, akaenda zake kazini shati limeachama kifuani. Miaka yote hiyo nimekibonyeza karibu kila neno.

Hata kwenye tableti kidole bado kinakipapasa.

Kwa hiyo laptopu inabaki kwenye rafu yangu, iwake isiwake. Na lile shati la bluu kabatini, lisilo na kifungo, ulilosema tulifanye tambara la kudekia: liache.

Mama