Nimeonja Kwanza, Baba

Mpendwa Baba, komredi wangu wa kwanza,

Nakuhutubia wewe uliyelala kando ya mianzi uliyoipanda kwa mikono yako, kwa kuwa Jumapili iliyopita mianzi hiyo nusura iuzwe, na aliyezuia isiuzwe ni wewe, kwa kinywa changu.

Unakumbuka masika, tulipoingia shambani ukungu ungali mzito? Wewe mbele na kisu, mimi nyuma na ndoo. Ulichonga ncha ya chipukizi, ukalifungia mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, utomvu wa mianzi unaochacha kuwa pombe, nasi tukasimama kusikiliza matone. Kisha ulinimiminia mtogwa, ulanzi mtamu ambao haujachacha, lakini hukunipa kamwe kabla hujapiga funda lako.

"Mimi ndiye mwenye mianzi, kwa hiyo mimi ndiye wa kuonja," ulisema. "Nikianguka, wewe usinywe!"

Ulifariki bila kutamka nani atakuwa mwenye mianzi baada yako. Shangazi ameendelea kugema na kupokea wageni wa kuonja: huwatembeza shambani, huwaketisha barazani, huwaanzisha na mtogwa na kuwamalizia na mkangafu, ule mkali uliokaa. Kazi hiyo ndogo ya familia ndiyo inayonisomesha Mbeya.

Jumapili nilileta wenzangu wa chuo waonje. Tulimkuta Baba Mdogo amevaa koti, kando yake mgeni mwenye maneno mengi, aliyetaka shamba lote, aing'oe mianzi apande parachichi. Baba Mdogo alikwisha kukubali. Kilichobaki ni kikombe cha mapatano mbele ya majirani, ambacho mwenye mianzi huonja kwanza.

"Kamwene, mgeni wetu," Shangazi alimsalimu, akamimina mkangafu, akamkabidhi Baba Mdogo kikombe. "Haya, onja umpe."

Baba Mdogo alirudisha mikono nyuma. "Dada, unajua kabisa mimi nimeokoka!"

"Pombe umeiacha," Shangazi akajibu, "ila bei ya shamba la pombe hujaiacha?"

Baraza zima likacheka. Naye, kwa haraka ya kumridhisha mgeni, akanigeukia: "Mwanangu, hebu onja wewe, mgeni asikae na kiu."

Baba, alijua alichokisema? Mbele ya majirani wote, yeye mwenyewe alimtaja mwenye mianzi! Nilipokea kikombe kwa mikono miwili, nikapiga funda refu, koo likawaka. Nikampa mgeni.

"Karibu, mzee. Kunywa ushibe. Mianzi haiuzwi."

Mgeni alimtazama Baba Mdogo.

"Lakini huyu ni mtoto," mgeni akalalamika.

"Ameshaonja," jirani mmoja akamjibu. "Sasa unataka tumtapishe?"

Sijidanganyi kwamba funda lile limemaliza vita. Baba Mdogo ana hoja: paa linavuja, Shangazi anachoka, vijana wa kugema ni wachache. Nitamjibu bila kumtukana, maana ni ndugu yako na alikuogesha ulipougua. Nitagema mimi kila likizo ya masika, na wenzangu wameahidi kuleta wageni. Nimezoea kuhutubia kumbi za chuo zilizofurika, nikapigiwa makofi; mbele ya baraza letu, penye watu walionibeba mgongoni, ni vigumu zaidi. Hata hivyo nitasimama. Nani ataniambia kwamba urithi ni kile tu kinachoweza kuuzwa? Matone yale tuliyoyasikiliza pamoja ni urithi, na kesho yetu imo ndani yake!

Ninakukumbuka, Baba, hasa ninaposhika kisu na mpini unakuwa mkubwa kuliko kiganja changu.

Pumzika. Mimi sitapumzika bado. Kikao cha ukoo kuhusu shamba ni Jumamosi, saa nne asubuhi, barazani kwetu. Nitakuwa nimetoka shambani na mtogwa wa asubuhi ile ile, usio na ukali wowote, ili hata aliyeokoka asikose kikombe. Nitaonja kwanza. Kisha nitampa Baba Mdogo.

Bintiyo,
mwenye mianzi