Mgomba Juu ya Kitanda cha Mama

Jumapili, 3 Novemba 2024

Bilingani limetoa ua! La zambarau, dogo, limeinama kama lina haya. Mama ndiye aliyeliona kwanza. Alinivuta mkono mpaka juu ya paa, na magoti yake yale mabovu, bila ya kusimama hata kwenye ngazi ya katikati. Tangu Baba afariki mwezi wa Agosti sijamwona hivi. Mwanzo wa eda, ile miezi minne na siku kumi za mjane, alikuwa hasemi. Anakula akiambiwa kula. Ndipo nikamletea ndoo mbili za udongo na mbegu za mchicha, apate kitu cha kutazama tu. Nje haruhusiwi kutoka, na mtu aliyezaliwa Bwejuu akakulia shambani utamfungiaje ndani ya kuta za mawe hapa mtaani Malindi, mjini? Sasa tuna bamia, pilipili, tungule. Leo amecheka kwa sauti. Nimekwenda kujifungia chooni, nikalia.

Jumanne, 5 Novemba

Mchicha wa nazi, wetu wenyewe! Kaka yangu Silima amekomba sufuria kwa kidole, mtu mzima yule.

Bi Nasima wa nyumba ya mbele ametoa kichwa dirishani: kwao mjane hukaa akavuta uradi, hachezei udongo. Mama akamjibu kwamba uradi anauvuta huku akimwagilia. Tena anamwagilia kwa maji ya udhu. Ameweka beseni kubwa, sote tunatawadhia humo, maana maji yale si ya kumwaga ovyo chooni. Kila baada ya sala beseni linapanda juu. Mboga zetu zina dini kuliko mimi.

Jumatatu, 11 Novemba

Subhanallah!

Kazi imenibana, nilikuwa sijapanda juu siku kadhaa. Leo nimekwenda kuchuma pilipili — nakuta MGOMBA. Ndani ya pipa! Pipa la mafuta, zima, limejaa udongo mpaka mdomoni. Na pembeni yake polo za udongo, magunia mazima, zimepangwa hadi ukutani, magimbi yamo, muhogo umo. Juu ya paa!

Nani kapandisha? Jaku, eti, hamali wa bandarini. Mama amemlipa kwa chai na mikate ya kumimina. Nikauliza kwa nini vyote ameviweka kona ile moja, na jua liko upande wa pili. Alinitazama kama mtoto mpumbavu. Kona ile ndiyo Baba alikuwa akiweka kiti chake jioni. Hataki pakae patupu.

Nikachuma pilipili zangu nikashuka.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua usiku kucha. Mama amesogeza kitanda chake karibu na mlango, anasema joto. Pia ametundika shuka juu, kutoka ukuta hadi ukuta, kama wanavyofanya mabibi harusi. La kuzuia mbu, kasema. Haya.

Ijumaa, 15 Novemba

Nilikuwa nafagia chumbani kwa Mama, yeye yuko juu. Ufagio ukagonga kitu pale kitanda kilipokuwa zamani. Beseni, limesukumwa nyuma ya sanduku. Ndani yake kanga imekunjwa, inachuruzika maji. Nikashangaa, kanga ya nini ndani ya beseni? Mara tone likapenya shuka la mbu, likaanguka juu ya kanga. Halikutoa sauti yoyote. Ndiyo kazi ya ile kanga — nisisikie!

Nikavuta shuka la mbu. Ya Rabbi! Dari lote jeusi. Chokaa imevimba, na boriti mbili zimepinda kwa chini. Sawasawa chini ya pipa la mgomba.

Mama alinikuta nimesimama na shuka mkononi. Nilidhani atashtuka. Hakushtuka.

"Nshajua zamani," alisema. "Ningekwambia ungeniondoshea shamba langu."

Alijua! Akalala chini ya dari lile, usiku baada ya usiku. Nimemkasirikia mpaka sauti imenikauka. Kisha nikamlaza chumbani kwangu.

Jumamosi, 16 Novemba

Fundi Wakil amekuja asubuhi. Alipanda kwenye meza, akachukua bisibisi, akaidunga boriti. Ikazama mpaka kwenye mpini! Kama anadunga boga lililopikwa. Akashuka taratibu sana. Amesema nyumba za chokaa zinakufa kwa maji, si kwa uzee, na sisi tumeinywesha mara tano kwa siku. Kisha akasema tutoke wote, sasa hivi, na mtu asikanyage juu mpaka alete miti ya kuegemeza.

Mama akagoma. Eda. Atafia ndani, lakini eda ya mumewe haivunji kwa sababu ya tone la maji. Silima akamleta sheikh wa msikitini, akazungumza naye nyuma ya mlango: kukiwa na hofu ya roho inafaa kuhama, amalizie eda nyumba nyengine, na hana dhambi. Mama alimshukuru vizuri. Akasema bilingani halijaiva.

Aliyemtoa ni nani? Bi Nasima! Amevuka uchochoro na mabuibui mawili, moja kamfunika Mama gubigubi, akamwambia kwa ukali kwamba mumewe hakumwacha duniani ili aangukiwe na mgomba. Wakavuka wameshikana. Sitamsema tena Bi Nasima.

Sasa ni baada ya alasiri. Naandika kwa Bi Nasima, ghorofani, dirisha linatazama paa letu. Mama amelala chumba cha ndani, Silima yuko hapa nami. Fundi bado hajarudi. Kumetulia. Mwili umeanza kunirudi, hata njaa naisikia.

Ngoja.

Majani ya mgomba yanatikisika. Upepo hakuna.

Chumba cha ndani kitupu! Beseni la udhu la Bi Nasima halipo. Silima ameteremka mbio, ananipigia kelele kutoka uchochoroni nisitoke hapa dirishani, nimsemeshe tu, asogee ukutani, asisimame katikati. Nasikia vumbi linamwagika ndani ya nyumba yetu, kama mchele kwenye ungo. Kalamu bado ninayo mkononi, sijui kwa nini.

Nimemwita.

"Naam!" Sauti changamfu, ya mtu aliye shambani kwake. "N'nakuja mwanangu. Namalizia upande wa baba yako."