Baba Alipita Mlango wa Jikoni

Mtaa wa Guadalupe,
San Antonio, Texas.
14 Mei, 1996.

Mpendwa Shangazi Hortensia,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na baridi ya asubuhi huko Saltillo, imepungua? Sisi ni wazima, ila Rubén anaota meno na hataki kulazwa chini. Ukiona mwandiko unayumba, naandika kwa mkono mmoja, yeye yuko kwenye ule mwingine.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Nilichelewa kujibu kwa sababu sikujua niseme nini. Ulitaka nimlete Baba akae kwako, maana tangu Mama atutoke mwezi wa Desemba anasukuma sahani tu, nami nina watoto wawili wa kuhangaika nao. Sikufichi, Shangazi, sanduku lake nilikuwa nimeshalishusha kutoka juu ya kabati. Nimechoka. Kila siku napika, na kila siku ananiambia, "Ahsante mwanangu, nimeshiba," na hajagusa kitu.

Jumapili alitimiza miaka sabini. Nikasema, hata kama anaondoka, hataondoka bila kula pale mtoni, kwenye ule mkahawa wa zamani alikochoma chapati za ngano miaka thelathini na mmoja. Najua unavyopacheka, eti chakula gani hicho kinachozamishwa kwenye jibini ya njano. Lakini fikiria, miaka yote hiyo Baba hakuwahi kuketi kwenye meza yao hata mara moja.

Tulivaa tukapendeza. Nilikuwa mlangoni naandikisha majina yetu, kugeuka, Baba hayupo. Mto uko hatua tano tu kutoka mezani, na mtu aliyeacha kula unamwazia mengi. Nikamwachia mume wangu Noel mtoto, nikakimbia ukingoni, nikatazama maji, nikatazama mashua za watalii. Dalia ndiye aliyenivuta sketi. "Mama, Babu kapita kule kwenye mapipa ya taka."

Mlango wa wafanyakazi! Miguu yake haijui mwingine. Nikamkuta jikoni, amefunga aproni juu ya suti aliyovaa kwenye harusi yangu, anamgombeza dada anayechoma chapati siku hizi, anaitwa Chayo.

"Unaigeuza mara ngapi? Hiyo ni chapati, si godoro!"

"Babu, zangu hazivimbi."

"Zitavimbaje na wewe unazikandamiza? Iache. Iache kwanza... Haya, sasa!"

Ikavimba kama puto. Jiko zima likapiga makofi, naye Baba akalitoa lile neno lenu la kale kwa msichana ambaye chapati yake imevimba: "Basi binti, umeiva kuolewa."

"Nimeshaolewa mara mbili, Babu!"

"Ndiyo maana hawakukaa. Uliwakandamiza."

Alicheka, Shangazi. Baba alicheka. Mimi nikasimama kwenye ule mvuke nikalia kama mjinga.

Nikamwambia, "Baba, leo wewe ni mgeni. Vua hiyo aproni, twende mezani."

"Mgeni? Mimi? Hapa? Mgeni wa nani?"

"Wangu."

Akanitazama kidogo, akaivua.

Mezani alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayengoja kuitwa. Chayo akatuletea chapati mwenyewe. Baba akapaka moja siagi, akanyunyiza chumvi, akaikunja, akampa Dalia, vilevile alivyokuwa akinifanyia mimi. Akapaka ya pili, nikadhani ni yangu. Akaila. Halafu enchilada, zile chapati za mahindi zilizoviringishwa, na mchuzi wake wa pilipili, halafu maharage, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Eti kumbe vyakula vya pale vinashuka tofauti ukiwa umeketi. "Mama yako hakuwahi kuketi hapa," akasema, machozi yakamtoka, lakini mkono haukuacha kwenda kinywani.

Sitakudanganya kwamba amepona. Jana alisukuma tena sahani. Ila leo nimeamka nikamkuta jikoni kwangu, mikono imejaa unga, Dalia kasimama juu ya kiti anamfinyangia madonge. Anasema Jumamosi atapita kumwona Chayo, maana mkono wa yule binti bado mzito. Jumamosi, Shangazi! Tangu tumzike Mama, Baba hakuwahi kutaja siku ambayo haijafika.

Kwa hiyo nakujibu, na usinikasirikie: Baba haji. Sanduku nimelirudisha juu ya kabati. Uchovu ni wangu, nitaubeba. Wewe ndiye uje, tena uje na kile chuma cha chapati cha marehemu Bibi, kwani Baba anasema changu ni cha kuwachomea chapati watu wasio na ulimi wa kuonja. Tutakupeleka mtoni. Ukitupotea pale mlangoni, zunguka kwenye mapipa ya taka, utatuona.

Nisalimie Mjomba Fidencio, na Ofelia na mapacha wake. Mwambie Ofelia lile blanketi alilompa Rubén, mtoto haliachi hata lifuliwe. Bikira wa Guadalupe awafunike nyote kwa joho lake, na goti lako alitie nguvu za kupanda basi.

Mwanao akupendaye, ila asiyekupa kaka yako,

Nereida