Karafuu Wafaransa, Kunde Warusi

Mkunazini,
Unguja.
11 Agosti, 1969.

Mpendwa kaka yangu Shaame,

Shikamoo. Hali yako vipi huko Mombasa, na pumu imetulia kwa kipupwe hiki? Wifi Shemsa na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila macho ya Baba yamezidi. La kulia limekwisha, na la kushoto linaona vivuli tu.

Unakikumbuka kile kitabu chake cha Kiingereza, chenye maneno ya askari waliopigana vita vya Napoleon? Sasa msomaji ni mimi. Kila alasiri namsomea, kisha tunavipanga vita vyenyewe juu ya jamvi: karafuu ni Wafaransa, kunde ni Warusi, kete za bao ni wapanda farasi. Baba huzipapasa kwa vidole na kuzisogeza.

Zamani nikiuona mchezo wa kupotezea wakati. Kumbe utamu wake umo katika maneno ya wale askari. Jemadari huandika kwamba upande wa kushoto ulirudi nyuma, basi. Askari hukwambia kwa nini: tope liliwavua viatu, moshi ulikuwa mzito hata hamwoni mwenziwe aliyegusana naye bega, na tumboni hana kitu ila kipande cha nyama ya farasi. Baba aliposikia habari ya tope, papo hapo akatia sheria: mvua ikinyesha, karafuu zende nusu ya mwendo. "Bila ya maneno yao," husema, "hizi ni kunde tu, tungezipika."

Sasa sikiliza yaliyotufika. Jirani mmoja alimsikia Baba dirishani akisema, "Vunjeni daraja, wapanda farasi wapite kushoto!" Siku ya pili akatuingilia Bwana Jaku, mkubwa wa kamati ya mtaa wetu, ambaye bila ya idhini yake hapana mtu wa mtaa huu atokaye kisiwani. Akakuta jamvi limejaa majeshi. Shangazi Mize aliacha kusuka ukili.

"Mnapanga vita na nani?" Jaku akauliza.

"Na Warusi," Baba akajibu.

Warusi si ndio marafiki wa wakubwa siku hizi? Nikamwonesha kitabu upesi, naye akaniamuru nisome. Nikamsomea habari za askari aliyefika kwenye mto wa barafu akakuta daraja linachomwa moto na wenziwe walioko ng'ambo, yeye kabaki upande wa adui. Jaku akakaa kitako pole pole.

"Ikawaje?"

"Alitekwa," nikasema.

Akanyoosha mkono. "Nipeni mimi karafuu."

Tangu siku hiyo huja kila alasiri. Kufunga mlango hatuwezi, na kujitia tunaumwa hatuwezi. Na ombi la Baba la kuja kutibiwa kwako liko mikononi mwake.

Nilimsihi Baba amwache ashinde. Akanambia, "Macho yamekwenda, na safari nimezuiliwa. Akili siitoi." Akamshinda, tena na tena. Nikingoja Jaku akasirike. Wapi! Alicheka mpaka akapangusa machozi. "Mzee wangu, nikikuachia ukaenda, n'tacheza na nani?"

Hapo ndipo moyo uliponifa. Hasira ningengoja zipoe. Mapenzi haya yangemweka Baba hapa mpaka kiza kimfunike kabisa.

Juzi, Baba alipokwenda kutawadha, nilikaa mahali pake nikamshinda Jaku mimi. Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Mwache Baba aende," nikamwambia. "Mimi nipo, na kitabu kipo."

"Na wewe ukiomba kuondoka?"

"Siombi."

Jana karatasi ya ruhusa ikaletwa, ina jina moja tu, la Baba.

Baba anapanda meli kesho. Baharia mmoja, jamaa yake Shangazi, atamshika mkono mpaka gatini kwenu. Barua hii nitaishonea ndani ya kofia yake. Ukimsomea, ishia pale aliposema akili haitoi, kwani atapenda kujisikia. Haya ya mbele yaruke. Yeye anajua namfuata kwa meli ya mwezi ujao. Nakuomba umwache aamini hivyo mpaka macho yatibiwe, na akishapona usimwache arudi kwa ajili yangu, hata akilia.

Nisalimie wifi Shemsa, mjomba Mabrouk na watoto wote. Shangazi Mize anakusalimu sana. Hatoki upande wangu, na alasiri Jaku akija huvuta mkeka wake akaja kukaa baina yangu na mlango. Mola akulindeni na aliponye jicho la mzee wetu.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda,
Mwanakheir binti Silima