Niliipinga Shule ya Vijiji Vinne

Bi Mshauri, asalaam aleikum. Nakuandikia moyo umetulia lakini uso umeinama, nami naomba unielekeze kabla ya Jumatatu. Shule yetu ya msingi huku kusini ya Kwale ina watoto elfu moja na mia tatu, sasa mwezi wa Januari mwalimu mkuu akatwambia ataigawa iwe vijiji vinne, kila kijiji na madarasa yake na walimu wake watakaokaa na watoto walewale mwaka hata mwaka, nami kusikia kugawa nikakumbuka fujo za mwaka wa tisini na saba, watu wa bara walipofukuzwa huku pwani, nikasimama mkutanoni nikasema hapa wanatengwa watoto wa bara na wa pwani, kisha nikazunguka nyumba kwa nyumba nikikusanya sahihi za kupinga, ya kwanza yangu mwenyewe, mpaka zikafika sitini na nne, na Jumatatu mzee Chirau, mwenyekiti wa wazazi, anazipeleka ofisi ya elimu.

Binti yangu Husna yuko darasa la nne. Miaka mitatu ripoti zilisema ni mvivu, haambiliki, nami, Mungu anisamehe, nilimchapa kwa ajili hiyo. Mgawo ulianza hata hivyo, na wiki ya tano ya kijiji chao, mwalimu wake Bi Mukonyo, mtu wa Ukambani, akaja kwangu kwa miguu. Nilimkaribisha shingo upande nikidhani zimemfikia habari za sahihi. Akasema, "Mama Husna, huyu mtoto si mvivu. Nikisimama kushoto kwake hanijibu, nikihamia kulia ananijibu. Zamani nilikuwa nikipitia watoto mia tatu kwa wiki, nisingemjua."

Daktari naye akathibitisha kuwa sikio la kushoto halisikii, la kulia ni zima. Sasa Husna anakaa mbele, anagawana kitabu na Wayua, mtoto wa watu wa bara, na juzi amesoma hadithi mbele ya darasa zima. Nililia kwa faraja. Lakini nitawarudiaje wale sitini na nne? Wataniita kigeugeu. Je, nikinyamaza tu barua ya sahihi iende, maadamu Husna ameshajulikana?

Mama Husna

*

Mama Husna, waaleikum salaam. Barua yako ilinifikia jana kwa mkono, nami naisoma hewani leo Alhamisi. Majina yote nimeyabadili.

Alhamdulillahi kwa mtoto. Na hofu yako siicheki, kwani aliyeona nyumba za jirani zikichomwa haulizwi kwa nini neno kugawa linamtisha. Lakini ungeomba kwanza kuona orodha za majina ya kila kijiji, dada yangu, ungewaona Wayua na Husna wamo pamoja. Hukuomba.

Kunyamaza sikukubalii kabisa. Barua hiyo ya sahihi ikisikilizwa, watoto wote watarudishwa kwenye umati, na humo yupo mwengine ambaye mamake bado anamchapa. Kuitwa kigeugeu kutakuuma wiki moja, basi.

Mwambie mzee Chirau asiipeleke, jina la kwanza humo ni lako nawe unalifuta. Kesho na keshokutwa rudi nyumba zilezile. Huna haja ya hotuba, waeleze yaliyomkuta binti yako. Atakayebaki na shaka mpeleke shuleni asome orodha mwenyewe. Bi Mukonyo mwombe radhi kwa uso uliompokea nao.

Ila hayo yote yangoje kidogo. Anza na Husna, leo akitoka shule. Mkalishe, umwambie ulimpiga kwa kosa lisilokuwa lake. Ukimaliza, jitande buibui uende kwa mzee Chirau.