Cha Juu cha Kiwanja cha Bashay

Mama Brigita mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimejikoroga mwenyewe. Mimi ni dalali wa viwanja hapa Karatu, na mwezi uliopita mjane mmoja wa Bashay, Bibi Evarista, aliniambia, "Mwanangu, niuzie kiwanja changu, mimi nipe milioni kumi na mbili mkononi, cha juu ni chako," nami nikakubali kwa sababu ndivyo tunavyofanya kazi huku, na ndani ya wiki nikampata Metui, mfugaji wa Kimasai kutoka Arash anayetaka kujenga vyumba ili watoto wake wasome mjini, akakubali milioni ishirini na moja bila kubishana sana. Nikaona tisa zangu hizo. Ili wasije wakatajiana bei, nikamwambia Metui kwamba bibi anajua Kiiraqw tu, na bibi nikamwambia Mmasai huyu anajua Kimasai tu, na siku ya kuonyesha kiwanja nikawa namvuta huyu pembeni kumnong'oneza, narudi kwa yule, wao wanatabasamiana tu kwa adabu.

Shida ilianza kwenye mnada wa ng'ombe. Nilimkuta bibi amepeleka mtamba wake, anasema zile kumi na mbili zitaifikisha nyumba anayojenga kwenye lenta tu, bati atanunua kwa huyo mtamba, na aliyekuwa anapatana naye bei ni Metui, wanacheka, Kiswahili kinatiririka, nikadandia mazungumzo kabla hawajafika kwenye kiwanja, nikamwondoa bibi na mtamba wake nikidai bei ni mbaya. Jioni Metui akanipigia: "Dalali, yule bibi anaongea Kiswahili kizuri kuliko mimi na wewe. Mbona ulinidanganya?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Jumamosi tunaandikishana ofisi ya kijiji na bei itasomwa mbele ya mashahidi. Rafiki yangu Martini anasema niandae mikataba miwili, mmoja wa kumi na mbili kwa bibi, mwingine wa ishirini na moja kwa Metui. Je, nitakuwa nimevunja sheria, wakati bibi mwenyewe alisema cha juu ni changu? Nampenda yule bibi, na usingizi sipati.

Lazaro, Karatu

Lazaro, marahaba. Nimecheka mpaka miwani ikanidondoka, kisha nikakasirika.

Ni kweli bibi alisema cha juu ni chako. Alidhani ni laki tano, sita hivi. Yeye hajui viwanja vya Bashay vimefika bei gani, wewe unajua, na ndiyo maana alikutafuta. Mimi si wakili, ila sheria inamtaka wakala amweleze ukweli aliyemtuma, na faida uliyomficha anaweza kukudai uirudishe. Mkataba wa pili usiuguse kabisa. Kuandika bei ya uongo si udalali tena, ni jinai, na Martini hatakusindikiza polisi. Halafu jiulize, kama mambo yenu yalikuwa safi, kwa nini uliwafanya watu wazima wawili mabubu?

Najua umezoea, na wenzako wengi wanafanya hivyo hivyo. Lakini mama mzima anauza mtamba wake anunue bati, na hela ya bati unataka kuitia mfukoni wewe. Hilo ndilo linalokunyima usingizi, na nashukuru linakunyima.

Sasa fanya hivi. Metui mpigie leo, umwombe radhi, umwambie hela yote alipe kwa bibi mbele ya mashahidi. Bibi mweleze bei yenyewe, kisha omba ujira wa asilimia na uandikwe kwenye mkataba. Akikupa kumi kwa mia, ni milioni mbili na laki moja kwa kazi ya wiki moja, wengine wanalima mwaka mzima hawaioni. Akikupa pungufu, pokea na useme asante, umemchosha vya kutosha. Kuanzia sasa, andikiana asilimia na mwenye kiwanja kabla hujatafuta mteja.

Nenda kwake kesho asubuhi. Na hiyo ishirini na moja uitaje ukiwa bado mlangoni, kabla hajakuletea chai, maana nakujua: ukishakunywa utasema ulipita kumsalimia tu.