Uliniuliza Aliyeiandika

Lilongwe,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Kwa dada yangu mpendwa Enelesi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta ukiwa na nguvu walau za kuketi barazani. Je, kifua kimeacha kukubana? Shemeji Jailosi mguu wake vipi, na mvua huko Kambulire zimepungua au bado zinaangusha mahindi? Huku kwetu sisi tunapumua. Mke wangu anakusalimu sana, na kanisa zima linakuombea. Mimi afya ninayo, ingawa chakula hakipiti vizuri kooni, na nguo zangu za kazini sasa zinanipwaya.

Nimesoma tena nilichoandika na nimeona aibu. Hivi ndivyo nilivyo, dada. Nikiwa na jambo zito, nalizungushia salamu mpaka lisionekane. Nisamehe, naingia ndani.

Barua yako niliipata mwezi uliopita, nami sikujibu. Uliandika kwamba hulali, kwamba ndugu za baba yake Takondwa wamekuita mchawi mbele ya kisima, wakisema bibi gani anamlisha mjukuu sumu naye akabaki hai. Uliandika kwamba unaitazama mikono yako na kujiuliza kama kweli wamekosea. Kisha ukaniuliza swali moja tu. Ukasema, wewe Wyson unafanya kazi palepale kwenye kampuni ya mbegu, nitafutie aliyeiandika ile barua, nimjue jina. Nimetembea na swali hilo mfukoni kila siku.

Kwanza nikueleze mambo ya ofisini, maana bila hayo hutaelewa. Mwaka jana meneja wetu, Bwana Chirambo, alimleta binti mmoja aitwaye Tionge Msosa atufundishe kuandika barua za kazi kwa lugha nyepesi ya siku hizi. Kila Jumatano alituketisha ukumbini kama watoto wa shule, mimi mwenye miaka thelathini na moja ya kazi pale, mimi ambaye mtaa mzima huniletea barua zao za kuomba kazi. Akachukua barua yangu moja akaisoma kwa sauti. Akauliza, baba Wyson, kwani hapa ulikuwa unamwandikia mfalme? Huyu mtu yuko shambani, jembe begani, jua la utosi, halafu unampa ukurasa mzima wa taadhima kabla hujamwambia unachotaka! Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nami nikajibu kwamba maneno ya mkato ni ya wauza nyanya, ofisi haipigi kelele. Akatabasamu, akasema, basi na tuuze nyanya, baba, mradi mnunuzi asikie bei.

Kicheko kile kiliniuma. Nakwambia ukweli, kiliniuma kuliko inavyostahili kumuuma mtu mzima mwenye wajukuu.

Mwezi wa Novemba ikaja habari ya dawa mpya. Unajua kwamba miaka yote mbegu zetu zina rangi ya dawa, na kwamba watu njaa ikibana huziosha, huzitwanga na kusonga nsima, na mara nyingi huamka salama. Dawa ya mwaka huu ilikuwa nyingine. Inaingia ndani ya punje, hata ukiosha maji saba haitoki. Tulijua pia kwamba maandishi ya kwenye gunia hayawafikii, kwa kuwa vyama vya wakulima hufungua gunia na kugawana kwa sahani. Kwa hiyo ikaamuliwa kila mwenyekiti wa chama apelekewe barua aisome mbele ya watu. Bwana Chirambo alikuwa Blantyre, hivyo kazi yote aliachiwa Tionge.

Tionge aliandika mistari minne kwa mkono. Ilisema: Msile mbegu hii. Hata ukiiosha, sumu haitoki. Inaua. Waambieni na watoto.

Barua iliyokufikieni haikuwa hiyo. Uliyoisikia ilikuwa na kurasa mbili. Ilianza kwa heshima na taadhima kwa Mfumu, mkuu wa kijiji, na kina mama wote. Ikachukua fursa adhimu kuwashukuru kwa uaminifu wenu usio kifani. Uliniandikia mwenyewe jinsi ilivyokuwa: mwenyekiti Kamfose akisoma kila salamu, nanyi mkipiga makofi kama tunavyopiga kwetu mtu akitupa heshima, kina mama wakipiga vigelegele, wewe ukiwa mstari wa mbele. Makofi yalikuwa mengi kiasi kwamba ukurasa wa kwanza ulipokwisha kila mtu aliona ni barua ya shukrani, na shukrani mmezipokea. Mawingu yalikuwa yamejaa. Kamfose akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake, mkatawanyika kabla mvua haijawanyeshea.

Onyo lilikuwa ukurasa wa pili, aya ya saba. Na hata kama angelisoma, sijui kama lingewafaa, kwa maana liliandikwa hivi: inashauriwa kwamba matumizi ya bidhaa husika kwa madhumuni yasiyo ya upanzi yaepukwe kadiri hali itakavyoruhusu. Kadiri hali itakavyoruhusu, dada! Na Januari hali haikuruhusu. Ghala lilikuwa tupu, na ndani mlikuwa na zile sahani mbili za mbegu mlizobakiza za kuzibia mapengo shambani. Ukaziosha maji saba, kama mama alivyotufundisha. Ukala matonge mawili, ukampelekea mzee Bauleni, jirani yenu, bakuli moja, ukamwachia mtoto sufuria.

Nilikuja msibani, unakumbuka. Nilibeba jeneza lile dogo, kisha nikasimama nikasoma rambirambi za kampuni, kurasa tatu. Ulinishukuru kwa maneno mazuri. Ulinishika mkono ukasema angalau kwenye ile kampuni tuna mtu wetu.

Sasa kampuni inatafuta wa kumbebesha. Barua ilitoka na muhuri wa sahihi ya Tionge, kwa hiyo ni yake. Binti analia, anaapa kwamba aliandika mistari minne tu, anaulizwa iko wapi, hana. Juzi alikuja mezani kwangu, macho yamevimba, akaniambia, baba Wyson, wewe ndiwe uliyepiga chapa, si uliiona? Sema basi, baba. Nikamjibu kwamba nitatafuta kwenye majalada. Kikao cha kumfukuza ni kesho saa tatu asubuhi, na wanasema baada ya hapo atapelekwa polisi. Bwana Chirambo ameniagiza mimi, kama karani mkuu, niandike maelezo ya jinsi barua ile ilivyotoka ofisini.

Nimeyaandika mara tano tangu nitoke ibadani. Andiko la kwanza lilisema kulitokea kasoro katika uandaaji. La pili likasema marekebisho ya kimtindo yalifanyika. La tatu hata sitaki kulitaja. Kila nikilisoma sioni mtu ndani yake. Ni kama barua zilijiandika zenyewe, na sumu ilijitia yenyewe kwenye sufuria yako. Nimeweza kuwaandikia mawaziri, dada, na sentensi moja fupi imenishinda mchana kutwa, mke wangu akigonga mlango kuniita chakula nami nikimwambia bado.

Nimechoka kukuzungusha. Ni mimi.

Tionge aliniletea mistari yake minne nipige chapa, nigonge muhuri wake, niitume. Nikaisoma nikakasirika. Nikaona binti huyu anawatukana wazee wetu, anawafokea kama mbuzi walioingia shambani. Nikajiambia nitamwonyesha barua ya ofisi inavyoandikwa. Nikaandika kurasa zile mbili mwenyewe, nikafurahia kila neno, nikagonga muhuri wake bila kumwonyesha. Naye aliniamini, hakuuliza. Habari za Takondwa ziliponifikia, kabla hata ya kuvaa viatu nije kwako, nilikwenda ofisini nikaitoa ile karatasi yake kwenye jalada. Sikuichana. Mara tatu nimewasha kiberiti nikashindwa. Ipo hapa mezani, pembeni ya hii ninayokuandikia.

Sikuombi unisamehe. Sijui hata ningeombaje. Ninachoomba ni kwamba usiitazame tena mikono yako. Ilifanya walichofanya kina mama wote wenye njaa ambao hawakuambiwa kitu. Aliyejua ni mimi, na nilijua nikaficha aya ya saba kwa sababu nilitaka kuonekana msomi.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya pili. Hiyo si yako peke yako. Mpe Mfumu, aite watu wote, na hasa ndugu za baba yake Takondwa, isomwe kwa sauti. Nakala yake naipeleka kesho kabla ya kikao, pamoja na mistari minne ya Tionge. Polisi wakitaka mtu, watanikuta hapohapo. Nimeandika hivi:

Mimi Wyson Namalomba niliandika barua ile. Tionge Msosa aliandika nyingine iliyo wazi, nami nikaificha. Enelesi hakuambiwa kwamba mbegu inaua. Aliyemuua Takondwa na mzee Bauleni ni mimi, si yeye.

Mwambie Kamfose asiwaruhusu wapige makofi.

Msalimie shemeji Jailosi kama atazipokea salamu zangu. Msalimie Enifa, mama Takondwa, mwambie mjomba wake hana uso wa kumwandikia. Wasalimie Falesi na watoto wake, na mama mchungaji. Hapa kwenye barua zote za nyuma niliandika, na mbusu Takondwa mashavu yote mawili, na mkono wangu umeshaanza kuandika hivyo kabla sijauzuia.

Ni mimi mdogo wako,
Wyson.